Anayenasihi na Anayesikiliza: Kiswahili katika Kazi ya Mwalimu Mshauri

Istilahi "ushauri nasaha" imekita mizizi katika shule zetu hivi kwamba ni nadra mtu kusita na kuichunguza. Imo katika ratiba za shule, imo katika ripoti za wizara, imo katika hotuba za siku ya wazazi. Hata hivyo, sisi tunaojinasibu kuwa wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuyauliza maneno yametoka wapi na yanatutuma wapi. Shauri na nasaha ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na katika matumizi yetu ya kila siku yote mawili humwelekea mtu anayesema. Mwenye shauri ana la kutoa. Mwenye nasaha ana la kuusia. Tukiyaweka pamoja, tumemtaja msemaji mara mbili na msikilizaji hatukumtaja hata mara moja.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kujadiliwa na wanaleksikografia peke yao. Mimi nimeliona likitembea kwa miguu miwili katika shule ya upili nilikofundisha kabla ya kurejea chuoni. Ndiyo maana nadiriki kudai katika insha hii kwamba nyenzo ambayo mwalimu mshauri anaikosa kuliko zote ni lugha ya kumsikilizia mwanafunzi. Chumba anakikosa pia, vitabu anavikosa, na muda ndio kabisa. Lakini chumba hujengwa kwa fedha za serikali. Lugha ya kusikiliza iko mikononi mwetu.

Utamaduni wa kunasihi ni mkongwe na wa kuheshimika. Takriban mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa kumuusia namna ya kuishi na Mola wake, na mumewe na watu. Utenzi huo tunausoma hadi leo. Katika unyago, kungwi humfunda mwari. Huko pwani, somo alikuwa mwelekezi wa msichana na msiri wake. Katika miktadha hii yote mkubwa hunena na mdogo hutega sikio. Haikuwa kasoro, kwa maana jamii ilikuwa na jambo la kurithisha, na aliyepokea alijua kwamba siku moja naye atarithisha.

Taaluma iliyoingia katika shule zetu kwa jina la ushauri nasaha ilizaliwa kwingine na kwa hoja nyingine. Huko Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua mwaka wa 1908 ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na kitabu chake kikachapishwa mwaka uliofuata, yeye akiwa amekwisha kufariki. Baadaye Carl Rogers, katika vitabu vyake vya 1942 na 1951, akaigeuza kazi hiyo juu chini. Kwa Rogers, mtu aliyelemewa ana uwezo wa kuipata njia yake iwapo atapata mwenzake atakayemsikiliza bila kumhukumu na bila kuharakisha kumpa jibu. Wanaosomea taaluma hiyo leo hufunzwa mapema kwamba kumpa mtu ushauri ni jambo la mwisho kabisa, na mara nyingi halihitajiki. Basi tazama kitendawili chetu: kazi ambayo msingi wake ni kutoharakisha kushauri, sisi tumeipa jina la kushauri, kisha tukakazia kwa nasaha.

Historia ya nchi yetu ilikizidisha kitendawili hicho. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964, Kamati ya Gachathi ya 1976 na Jopo la Kamunge la 1988 zote zilitaja haja ya kuwaelekeza na kuwashauri wanafunzi shuleni. Hata hivyo, uzito wa jambo lenyewe ulikuja kuhisiwa mwaka wa 2001. Mnamo Machi mwaka huo, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa usiku kwa petroli na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Mwaka huohuo serikali iliharamisha kiboko shuleni kupitia Tangazo la Kisheria nambari 56, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuhusu utovu wa nidhamu likapendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Hatua hizo zilikuwa za haki. Lakini katika fikra za walimu na wazazi wengi zilifungamana: kiboko kimetoka, ushauri umeingia, kwa hiyo ushauri ufanye kazi ya kiboko. Tangu hapo mwanafunzi aliyechelewa, aliyepigana au aliyepatikana na simu "hupelekwa kwa ushauri" kwa sauti ileile ambayo babake alipelekwa kwayo kuchapwa. Nani basi ataingia chumba hicho kwa hiari yake?

Nilikuwa mwalimu wa Bodi, yaani nimeajiriwa na shule yenyewe wala si na Tume ya Huduma za Walimu. Katika mkutano wa walimu wa kufungua muhula, jina langu lilisomwa kuwa la mwalimu mshauri. Sababu ilitolewa waziwazi: "Huyu ni wa Kiswahili, methali anazo." Walimu wakacheka kwa upole, nami nikacheka nao. Chumba nilichokabidhiwa kilikuwa nusu ya stoo ya vifaa vya michezo, na mazungumzo yoyote ya faragha yaliweza kukatizwa na mtu aliyekuja kutafuta pampu ya mpira. Vipindi vyangu 28 kwa wiki havikupunguzwa hata kimoja. Nikisema haya sinuii kuilaumu shule ile. Walimu washauri niliokuja kukutana nao kutoka shule za jirani walikuwa na simulizi zinazofanana na yangu kama shilingi kwa ya pili.

Kutaniko hilo lilikuwa semina ya siku tatu, iliyoendeshwa kwa Kiingereza kuanzia sala ya kufungua hadi cheti cha kufungia. Mwezeshaji alikuwa mahiri na mwenye subira. Alitufunza kusikiliza kwa makini, kumrudishia mzungumzaji maana ya maneno yake, na kuitaja hisia tunayoiona usoni pake. Siku ya pili alitutaka tuigize, na kwa kuwa alijua kwamba wanafunzi wetu hawalii kwa Kiingereza, akaturuhusu tufanye hivyo kwa Kiswahili. Hapo ukumbi ukachangamka. Mwalimu mmoja, akifuata mfano wa kwenye karatasi neno kwa neno, alimwambia mwenzake aliyejitia mwanafunzi: "Ninasikia ukisema kwamba unahisi huzuni." Mwenzake akamjibu papo hapo: "Ndiyo mwalimu, si ndivyo nilivyosema?" Tulicheka hadi machozi. Lakini kicheko hicho kilikuwa na funzo. Mbinu ilikuwa sahihi. Ni Kiswahili chake kilichokuwa mgeni. Hakuna bibi yeyote, Lamu wala Kitale, anayemsikiliza mjukuu wake kwa sentensi kama hiyo.

Je, Kiswahili husikilizaje? Swali hili nilirudi nalo shuleni, na jibu nililipata mahali ambapo mwanafunzi wa fasihi simulizi angepaswa kulitazamia. Fanani anapotamba ngano, hadhira haikai kimya kama samani. Husema "Enhe." Husema "Kumbe!" Huuliza "Ikawaje?" Vijineno hivi havimhukumu msimulizi wala havimpokonyi hadithi yake, humshika mkono avuke hadi sehemu inayofuata. Nilipoanza kuvitumia katika stoo ile, mwanafunzi aliyekuwa akijibu kwa neno mojamoja aliweza kusimulia kwa dakika ishirini. Kiswahili kina neno "pole" pia. Mtu akikuambia amefiwa, amechoka au amejikwaa, humwambia "pole", na neno hilo halimpi mawaidha, halitafuti mwenye kosa, wala halidai ajieleze zaidi. Linakiri tu kwamba kuna uchungu na kwamba umeuona. Watu wa lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kufikia hapo. Sisi tunazo silabi mbili, na tumezizoea hata hatuzihesabu miongoni mwa nyenzo.

Funzo jingine lilinijia kupitia nafsineni. Tunapofundisha ushairi, tunawahimiza wanafunzi wasimchanganye mtunzi na nafsi inayozungumza katika shairi. Chumbani mle nilikutana na nafsineni kila wiki. "Mwalimu, kuna rafiki yangu ana shida." "Kuna msichana wa darasa letu, simtaji." "Tuseme mtu babake anakunywa pombe, afanye nini?" Haraka ya mwalimu yeyote ni kumvua mwanafunzi vazi hilo: "Sema ukweli, rafiki huyo ni wewe?" Ila mhakiki anajua kwamba nafsineni huwekwa kwa sababu. Ni ukuta ambao msemaji amejijengea ili aweze kusema. Nikimwuliza kuhusu huyo rafiki, anahisije usiku, ana nani wa kumwambia, angependa asaidiwe vipi, mazungumzo yalikwenda mbali. Wengine waliubomoa ukuta wenyewe siku ya tatu au ya nne, wakisema "mimi" bila kushurutishwa. Wengine hawakuubomoa kamwe, nao pia walisaidika.

Palipo na mapungufu hapana budi kuyataja. Istilahi zetu katika uwanja huu bado zimetawanyika. Ule uwezo wa kuingia katika hisia za mwingine bila kumwonea imani wala kumdharau, wengi huutafsiri kwa "huruma", ilhali huruma humtazama mtu kutoka juu. Methali ya kitanda usichokilalia hujui kunguni wake inakaribia maana hiyo kuliko neno lolote tulilo nalo, lakini methali si istilahi. Maradhi ya moyo kuinama kwa muda mrefu huitwa sonona na baadhi ya waandishi, unyogovu na wengine, mfadhaiko na wengine, huku "msongo wa mawazo" ukibebeshwa kila kitu. Wanafunzi wenyewe hawatumii hata neno moja kati ya hayo. Husema "nimechoka", "kichwa kimejaa", "sijiskii". Mwalimu asiyefahamu kwamba "nimechoka" inayorudiwa kwa wiki tatu na mtoto asiyekula si uchovu wa masomo, aweza kumwambia aende akalale mapema. Hapa ndipo leksikografia inapogusa uhai wa mtu.

Neno "siri" ni mfano mwingine. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na mwanafunzi akikuambia "iwe siri" humaanisha isitoke kamwe. Lakini siri ya mshauri ina mipaka ya kisheria. Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu nambari 3 wa mwaka wa 2010 unamtaka mwalimu aliyepata habari au anayeshuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kimapenzi aripoti katika muda wa saa 24. Mwanafunzi anastahili kuambiwa mapema, kwa maneno yasiyomtisha, ni yapi yatabaki kati yake na mwalimu na ni yapi hayawezi kubaki. Sijaona popote maneno hayo yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili safi cha kumsomea mtoto wa miaka kumi na mitano. Vivyo hivyo, sheria hubadilika na mwalimu hana budi kuzifuata. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mwalimu mshauri asiye na habari hizo ataendelea kulizungumzia jambo hilo kwa lugha ya kosa, na mtoto ataendelea kulificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuna pia hazina ya fasihi andishi. Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei, ilikuwa kitabu teule katika shule za upili kwa miaka kadhaa. Ndani yake Umulkheri na wenzake katika shule ya Tangamano wanasimuliana masaibu yao, na kila mmoja anatambua kwamba hayuko peke yake. Hicho ndicho kinachoitwa ushauri wa marika, na kimeelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, kijana Kongowea Mswahili anasafiri kumtafuta babake. Nimeona wavulana waliokataa katakata kuzungumzia baba zao wakibishana kwa saa nzima kumhusu baba wa Kongowea. Shida ni kwamba darasani tumezoea kuzigeuza kazi hizi kuwa orodha za sifa na umuhimu wa wahusika, kwa ajili ya mtihani. Kikao kimoja kwa mwezi cha kusoma bila maswali ya mtihani, mwalimu akiuliza tu "wewe ungekuwa wapi hapo?", hakigharimu chochote. Nakiri, hata hivyo, kwamba riwaya haitibu ugonjwa. Mtoto anayezungumzia kujidhuru anahitaji daktari na mtaalamu, na mwalimu anapaswa kujua njia ya kumfikisha huko siku hiyohiyo, pamoja na kujua nambari 116, ambayo mtoto yeyote nchini anaweza kuipiga bila malipo.

Hapa suala la maendeleo ya kitaaluma linajitokeza kwa uzito wake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 ilianzisha bodi ya kuwasajili wanaoifanya kazi hii na kuweka viwango vya mafunzo yao. Lakini mwalimu aliyetajwa katika mkutano wa kufungua muhula yuko kando ya sheria hiyo. Anafanya sehemu ya kazi bila maandalizi yake. Mwaka wa 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma, na lalama kubwa ikawa kwamba mwalimu alitakiwa kujilipia shilingi 6,000 kwa mwaka. Lalama hiyo ilikuwa na msingi, kwa maana anayepeleka mtoto hospitalini kwa nauli yake mwenyewe si mtu wa kuongezewa ada. Huko Marekani, chama cha washauri wa shule hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, naye awe hana kazi nyingine. Kwetu sisi mwalimu mmoja hukabidhiwa shule nzima juu ya vipindi vyake vyote. Na mzigo unazidi. Mwaka wa 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walitakiwa kuchagua mojawapo ya mikondo mitatu ya shule ya upili: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Watoto wa miaka kumi na minne wanaulizwa watakuwa nani, na anayeulizwa awasaidie ni mwalimu yuleyule.

Waliotutangulia walisema kwamba mganga hajigangi. Wataalamu wa ushauri wanaifuata hekima hii kwa kuhakikisha kwamba kila mshauri ana mshauri mwenzake mwenye tajriba, ambaye humsikiliza na kumpima. Walimu washauri wa shule zetu hawana mtu wa namna hiyo. Husikia habari za ubakaji saa nne, wakafundisha ngeli za nomino saa tano. Baada ya semina ile, walimu sita wa shule za jirani tulikubaliana kukutana Jumamosi moja kila mwezi chini ya mwembe wa shule mojawapo, kila mmoja akileta chai yake. Hatukutaja jina la mwanafunzi yeyote. Tuliulizana tu, "Enhe, ikawaje?" Miongoni mwa mafunzo yote niliyopata katika kazi ile, sikupata lililonifaa kuliko kikao hicho.

Naelekea kutia nanga. Chama chetu kina wanafunzi ambao karibu wote watafanya mazoezi ya kufundisha, na wengi wao, kwa sababu ya methali zao, watakabidhiwa ufunguo wa stoo fulani. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuanzishe faharasa ya istilahi za kazi hii, tukiikusanya kutoka kwa wanafunzi wanaosema "kichwa kimejaa" na kutoka kwa washauri waliosajiliwa, wala tusiketi maktabani na kuibuni. Pili, tuandike kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa mazungumzo ya kwanza: namna ya kumkaribisha mwanafunzi, namna ya kumweleza mipaka ya siri, na mahali pa kumpeleka mambo yakizidi uwezo wetu. Tatu, wahadhiri wetu waruhusu tasnifu zinazochunguza jinsi Kiswahili kinavyosikiliza, kama wanavyoruhusu zile zinazochunguza jinsi kinavyosifu na kukejeli.

Ama kuhusu jina lenyewe, sitarajii libadilike. Maneno yaliyozoeleka hayaondolewi kwa insha moja. Lakini sarufi yetu imetupa kiambishi kinyenyekevu kinachoweza kulikomboa. Kushauri ni kwa mmoja. Kushauriana ni kwa wawili, na katika kushauriana kila mmoja lazima anyamaze kwa zamu ili mwenzake aseme. Mwalimu akianza kwa kunyamaza, mwanafunzi atajua kwamba zamu hii ni yake.